Sukuni yanitoa jasho

Wadau, nimeadimika hapa mwezi mzima. Sikuwa mgonjwa. Kila Jumamosi nilikuwa Majengo, Pumwani, nimeketi mkekani na watoto wa miaka saba, nikijifunza irabu fupi za Kiarabu.

Chanzo ni kazi. Jirani yangu hapa Umoja aliniomba programu ya simu ya kumsaidia bintiye kusoma. Nikadhani ni kazi ya siku mbili. Katika Unicode kila alama ina namba yake: fatha 064E, dhuma 064F, kasra 0650. Kwetu sisi ni vialama tu juu au chini ya herufi, lakini kwa kompyuta kila kimoja ni herufi inayojitegemea. Ndiyo maana ukitafuta neno bila irabu, lile lenye irabu halionekani. Nikafanya ujanja wa mafundi, nikazifuta zote. Kutafuta kukawa safi kabisa.

Tatizo ni kwamba kataba (aliandika), kutiba (iliandikwa) na kutub (vitabu) zikivuliwa irabu zote ni herufi tatu zilezile. Programu ikachagua sauti moja kwa zote. Mtoto akaona kataba, akasikia kutub, akakariri kutub wiki tatu. Mimi sikugundua kwa sababu sikujua kusoma! Babake ndiye aliyenipigia simu.

Basi nikaenda kwa Maalim. Fatha, kasra na dhuma nilizimaliza jioni moja. A, i na u tunazo. Kilichonitoa jasho ni sukuni, alama ya kusema hapa hakuna irabu.

"Soma, waqt."

"Wakati, Maalim."

"Waqt, kijana. Wakati ni ya kwenu."

Watoto wakaangua kicheko. Rizq nikaisoma riziki, ilm nikaisoma elimu. Ulimi wa Kiswahili ukikuta konsonanti mbili zimebanana mwishoni mwa neno, unachomeka irabu kabla hujajua. Qaf nayo ilinitesa: nilitaka kusema moyo, qalb, nikasema kalb, mbwa.

Sasa programu inahifadhi kila neno mara mbili, lenye irabu kwa kusoma na kusikiliza, lisilo nazo kwa kutafuta tu. Juzi nilimpelekea jirani toleo jipya. Binti akatazama kataba, akasoma kutub kwa sauti kubwa, kisha akanigeukia aone kama nitamsifu. Jumamosi hii tunakwenda Majengo pamoja.