Karatasi Tunayoipasua

Juma lililopita tulifagia kalasi yetu hapa Bel-Air, tukaokota kurasa za kaye: zingine nyeupe kabisa, zingine tulifungia karanga. Tulisikia haya. Mu mwaka 105 Mchina Cai Lun alionyesha mfalme wake namna ya kutengeneza karatasi kwa maganda ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Karibu 1040 Bi Sheng akafanya herufi za udongo za kuchapia. Bila karatasi, Gutenberg angechapa Biblia juu ya ngozi tu, na haingefika kwa watu kama sisi. Na sisi tunapasua! Zile kurasa nyeupe tumezitoa kwa gazeti hili. Labda unashika moja sasa. Wenzetu, tuchunge kaye zetu.