Kabla Hujakemea Pepo wa Ulafi



Kuna ombi ninalolisikia mara kwa mara madhabahuni: "Pasta, niombee, nina pepo wa ulafi." Mara nyingi ni dada aliyefunga siku nyingi, akapungua kilo kadhaa, kisha njaa ikamrudia kwa nguvu na kilo zikarejea zote. Sasa anaona haya hata kusimama na kwaya.

Mpendwa, pepo wapo, na jina la Yesu lina nguvu. Lakini si kila njaa ni pepo.

Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake kule New York waligundua homoni inayoitwa leptini. Hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Ubongo ukisikia, jeni ya POMC huamka, nawe unashiba. Jeni ya AgRP, ile inayoita njaa, hutulia. Ukipungua, leptini hushuka na AgRP hupaza sauti. Huo ni ulinzi ambao Muumba aliuweka ili tusife wakati wa ukame.

Huko Uingereza kulikuwa na msichana aliyezaliwa na jeni ya leptini yenye hitilafu. Akiwa na miaka 8 alikuwa na kilo 86, na hakuwa anashiba. Alipodungwa sindano za leptini, hamu yake ya kula ilipungua na uzito ukashuka. Nani angemwita mlafi?

Wengi wetu hatuna hitilafu hiyo, lakini sahani zetu zinahusika. Panya waliolishwa mafuta mengi kwa muda mrefu, ubongo wao uliacha kuisikia leptini ingawa ilikuwa tele. Kwa hiyo tusifungue saumu kwa chipsi na soda. Githeri, ndengu, sukuma wiki na maji vinatosha. Na baada ya ibada, tuwape watoto matunda badala ya soda kila Jumapili.

Eliya alipochoka akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji kwanza, akamwacha alale, akamlisha tena. Soma 1 Wafalme 19.

Wiki hii, usimtanie mtu kuhusu mwili wake, hata kwa mzaha. Nawe dada uliyejificha, rudi kwenye kwaya. Nenda pia kliniki upimwe sukari na presha. Hiyo si kukosa imani.

Baba, tufundishe kuitunza miili yetu na kuheshimiana. Katika jina la Yesu, Amina.