Dawa ya moto ni moto, hata kwa kansa

Nimeadimika kidogo humu, mitihani imetubana na boom nalo limekata. Lakini kuna kitu kimenikaa kichwani, acha nikitoe.

Wiki hii tumesoma p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Hii ni kama mlinzi wa geti ndani ya seli. Seli ikiharibika anaizuia isigawanyike, ikishindikana anaiamuru ijiue. Katika karibu nusu ya kansa za binadamu, jeni ya mlinzi huyu imeharibika. Wataalamu wakasema, basi turudishe jeni nzima, na mbebaji awe kirusi, maana kuingia kwenye seli ndiyo kazi yake.

China waliidhinisha Gendicine mwaka 2003, adenovirusi iliyobeba p53. Tatizo hiyo haizaliani. Ikiingia seli moja imeishia hapo, na uvimbe una seli mamilioni kwa mamilioni! Mwaka 2005 wakaidhinisha H101. Hiyo inazaliana ndani ya kansa na kuipasua, ila haibebi p53. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Okayama wakaunganisha yote mawili wakapata OBP-702, inayozaliana huku imembeba mlinzi. Maabara na kwa panya imefanya kazi nzuri. Kwa binadamu kuna kikwazo: wengi tumeshaugua adenovirusi za mafua, kwa hiyo kinga ya mwili inaweza kuzimaliza kabla hazijaufikia uvimbe.

Kwa nini nawachosha na haya? Mama mkubwa ana kansa ya shingo ya kizazi. Kule jeni ya p53 mara nyingi ni nzima kabisa, ila kirusi cha HPV kinamwangamiza mlinzi kila anapotengenezwa. Yaani kirusi ndicho kilicholeta balaa, na mimi nasoma jinsi kirusi kingine kinavyoweza kuliondoa.

Nilimweleza kwa simu. Akauliza, "Mwanangu, hiyo dawa ipo hapa hospitali?"

"Bado, mama. Wewe endelea na mionzi, usiruke hata siku moja."

Akanyamaza, halafu akasema, "Haya. Basi someni haraka."

Jamani, wenye wadogo wa kike, chanjo ya HPV inatolewa Tanzania nzima tangu 2018. Wapelekeni. Mimi narudi kupiga msuli.