Kabla Hujamtumia Mama Mashine ya Sonona

Tangu video za mashine za kutibu sonona zianze kuzunguka WhatsApp, sisi tulioko Uingereza tunaletewa ombi lilelile kutoka nyumbani: "Dada, hicho kifaa cha kuvaa kichwani, hakuna mtu anayekuja Desemba akakileta?" Ombi halina ubaya. Anayeomba amemwona mama yake hali, halali, hazungumzi na mtu, na miezi inapita. Nasi huku tumezoea kuonyesha upendo kwa sanduku: viatu, simu, mashine ya kupimia presha, vyote vimeshapanda ndege. Lakini hili la ubongo nataka tulizungumze taratibu, kwa sababu tiba yenyewe nimeiona kwa macho yangu.

Kuna dada mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Tanga, niliyekuwa nikimsindikiza kliniki alipokuwa akitibiwa kwa sumaku. Anakaa kwenye kiti cha kuegemea, anaziba masikio. Mtaalamu anaweka juu ya kichwa chake koili yenye umbo la namba nane, anaipiga mara moja, na kidole gumba cha mkono wa kulia kinaruka chenyewe. Hapo anapunguza nguvu, anapiga tena, anatazama kidole, mpaka apate kiwango kinachomfaa mgonjwa huyo na si mwingine. Kisha anaisogeza koili mbele, upande wa kushoto juu ya paji, ndipo kazi inaanza: ta-ta-ta-ta, kama gogota anayedonoa mti mkavu. Dada yangu huyo alikuwa akifumba macho na kushika mkufu wake. Akimaliza, anavaa koti tunakwenda kupanda basi. Hapigwi ganzi wala halazwi.

Nasema hivyo kwa sababu nyumbani mtu akisikia "umeme wa kichwa" anafikiria degedege na kufungwa kitandani. Tiba ile ya kusababisha degedege kwa umeme ilianzia Roma mwaka 1938, na hadi leo, ikifanywa vizuri chini ya nusukaputi, inawasaidia wagonjwa mahututi. Hii ya sumaku ni nyingine. Anthony Barker na wenzake waliionyesha mjini Sheffield mwaka 1985: umeme ukipita kwa kasi ndani ya koili huzaa nguvu ya sumaku, nayo hupenya fuvu bila kukata chochote na kuamsha umeme mdogo katika sehemu ya ubongo iliyo chini yake. Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Mwanzoni kila kikao kilichukua zaidi ya nusu saa. Mwaka 2018 utafiti wa Kanada uliohusisha watu 414 ulionyesha kwamba mapigo ya mtindo mpya, yanayochukua dakika 3 tu, hayazidiwi na yale ya zamani. Wengine huumwa kichwa, na kwa nadra sana mtu anaweza kupata degedege. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa hafanyiwi. Na si kila mtu anapona.

Ambacho video haionyeshi ni njia iliyomfikisha mtu kwenye kiti kile. Dada yule alianza kwa daktari wa kawaida wa mtaani, akaulizwa maswali yale 9 ya sonona. Akapelekwa kwenye ushauri nasaha. Akapewa dawa ya kwanza, kisha ya pili. Sumaku ilikuja ushauri na dawa viliposhindwa, na ilipokuja alitakiwa kuhudhuria siku 5 za kila wiki, wiki baada ya wiki. Piga hesabu ya nauli ya mama wa Kilosa anayetakiwa kufika Dar es Salaam kwa ratiba hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Mama anafika zahanati, anasema kichwa kinamwaka moto, mwili unauma, moyo unakwenda mbio. Anapimwa malaria, anapewa panadol, anarudi. Mara nyingi hakuna anayemuuliza kama bado anafurahia chochote. Mtoto akitaja daktari wa akili, shangazi anakumbuka hospitali ya wagonjwa wa akili, anang'aka: "Unataka kumpeleka Mirembe? Mama yako kichaa?" Hapo ndipo tulipokwama, na kifaa cha kichwani hakigusi hata moja kati ya hayo.

Tena kile kinachouzwa mtandaoni si ile mashine ya sumaku. Ni mkanda unaopitisha umeme hafifu sana, miliampea 2 hivi. Matokeo yake yanapingana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wa watu 174 waliotumia nyumbani kwa wiki 10, uliona asilimia 45 ya waliopewa umeme wakipona dalili, dhidi ya 22 ya waliopewa wa bandia. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Ujerumani uliowaongezea umeme huo wagonjwa wanaotumia dawa haukuona faida. Na hao 174 walipimwa kwanza, wakasimamiwa kwa video. Mama yako atasimamiwa na nani? Mpwa wa darasa la saba?

Wakati huohuo kuna jambo lililofanyika jirani kabisa ambalo halizunguki WhatsApp. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo kutoka vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda. Watu wenye sonona walikaa vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliofundishwa wiki 2. Baada ya hapo waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyopata vikundi walikuwa karibu 55. Mazungumzo chini ya mti, kwa lugha yao. Nayasoma matokeo hayo kila mara na moyo unanijaa, kwa sababu sisi tuna miti na tuna watu wa kuzungumza.

Natamani mashine ya sumaku ipatikane katika hospitali zetu za rufaa, kwa wale ambao dawa na mazungumzo vimewashinda. Wapo, na wanateseka. Ila mama ambaye hajawahi kuulizwa swali moja kuhusu huzuni yake hajafika huko.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye sanduku, pesa ya ule mkanda igawanye hivi. Mlipie mama nauli na kadi ya kumwona daktari wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa, na umtafute ndugu wa kwenda naye. Akiandikiwa fluoxetini au amitriptilini, hakikisha dawa haikatiki. Nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, na dawa huendelea miezi 6 au zaidi baada ya nafuu. Mpigie simu siku ya kliniki, si Jumapili tu. Na shangazi akianza yale maneno ya Mirembe, zungumza naye wewe mwenyewe, mama asibaki peke yake nayo.