Dari Ikilowa Pasipo Mvua

Dari ikilowa, wengi wetu hulilaumu paa papo hapo, tukamwita fundi kabla ya kujiuliza maji yenyewe yatoka wapi. Fundi naye, kwa kuwa riziki yake imo katika mabati, huona mabati tu. Simlaumu, lakini mwenye kulipa ni mimi, na mshahara wa mtumishi wa serikali waujua, mpenzi msomaji.

Nyumba tunayokaa hapa Entebbe ni ya zamani, na chumba cha watoto kimepakana na jiko. Mwezi wa Julai lilitokea doa la kahawia juu ya kitanda cha kitinda mimba wetu, likakua hadi kuwa kama sinia, na ukingoni mwake kukaota kuvu nyeusi. Mtoto akaanza kukohoa usiku. Tukamhamishia chumbani kwetu. Fundi alipanda, akashuka, akatamka kwamba paa zima libadilishwe. Bei aliyoitaja ilizidi mishahara yangu mitatu.

Jirani yetu, mke wa sajini, alilitazama lile doa kwa muda, akasema, "Mwalimu, hii ni wiki ya pili mvua haijanyesha. Hilo paa lavujisha nini?" (Tangu nihamie ofisini sijashika chaki, lakini jina hilo halinitoki.)

Swali lake lilistahili jibu. Nilichukua penseli, nikauzungushia mstari ukingo wa doa na kuandika tarehe kando yake. Kisha, kila alfajiri na kila jioni, mama watoto au mimi tuliigusa dari kwa kidole na kuandika daftarini: imelowa au imekauka, mvua ipo au haipo. Kwa muda wa siku tisa dari ililowa alfajiri na kukauka jioni, na ililowa zaidi baada ya usiku wa nyota, usio na mawingu.

Paa lililotoboka hungoja mvua. Bomba linalovuja halichagui saa. Hata hivyo tulifunga mifereji yote usiku, tukasoma mita ya maji wakati wa kulala na tena alfajiri. Tarakimu hazikusogea.

Ndipo nilipopanda darini kabla ya jua kuchomoza, nikiwa na tochi, nikikanyaga boriti tu, maana mbao za dari hazimbebi mtu. Upande wa ndani wa mabati ulikuwa umejaa matone, kama bilauri iliyotiwa maji baridi. Matone yaliteremka kwa kufuata mwinamo wa bati hadi kwenye ubao, na hapo ndipo yalipoanguka. Maji hutembea: doa laweza kuwa mbali kabisa na chanzo chake.

Usiku usio na mawingu bati hupoa upesi kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa jiko letu, ambamo maharagwe huchemka hadi usiku, ulipenya kwenye ufa wa dari juu ya sigiri, ukafika kwenye bati baridi na kugeuka maji. Ungetokea kwenye matundu ya hewa ya kutani, lakini waliotutangulia katika nyumba hii waliyaziba kwa magunia ili kuzuia popo. Popo ni adha kweli. Mkojo wao nao hutia dari madoa, ila harufu yake haihitaji daftari.

Tuliyafungua matundu, tukapigilia wavu mwembamba wa waya, tukauziba ufa kwa ubao. Gharama yake haikufikia hata posho ya safari moja ya kikazi. Baada ya majuma mawili doa lilikuwa kavu, halikuvuka mstari wa penseli, na kitanda kikarudi mahali pake.

Ndugu zetu wa kambini, wapikao ndani ya nyumba za mabati, watazame matundu yao kwanza. Ikiwa dari hulowa wakati wa mvua tu, mmoja amwage maji juu ya paa, akianzia chini na kupanda polepole, na mwingine akae ndani na tochi. Maji yakionekana, tundu liko hapo yanapomwagwa. Mara nyingi ni msumari uliolegea, au uliopigiliwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni.

Doa likikauka, kuvu isuguliwe yote, kisha litangulizwe rangi ya mafuta. Rangi ya maji peke yake hulifunika kwa muda mfupi tu, halafu ule ukahawia hutokeza tena.