Hodi ya Malaika

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 26, mwalimu wa Kifaransa kutoka Tanga, nimepelekwa Paris mwaka mmoja kuinoa lugha ambayo tayari nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu. Nilipanga chumba kwa muuguzi mmoja mtu wa Martinique, mwanamke wa makamo. Alikuwa mmoja wa maelfu waliotoka visiwa vile miaka ya 60 kwenda kufanya kazi katika hospitali na posta za Ufaransa. Siku ya kwanza nilimwita Madame. Ya pili akanikataza, nimwite tantie, yaani shangazi, na kwangu amebaki Shangazi hadi leo.

Shangazi alikuwa na santuri kama ishirini hivi, na nne kati ya hizo zilikaa peke yake, juu ya kabati la vyombo, zimefunikwa kitambaa cha kufumwa. Jumapili akirudi kanisani, hata kabla ya kuvua viatu, anateremsha moja, anaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, anaiweka. "Huyu wa kwetu," alikuwa akisema. "Binti wa Alice Nardal."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Christiane Eda-Pierre, kabla ya kumwona. Alizaliwa Fort-de-France mwaka 1932. Mama yake, Alice, alikuwa mwalimu wa muziki na ndiye aliyemwanzishia masomo. Mama yake mkubwa ni Paulette Nardal, ambaye mapema miaka ya 30 yeye na wadogo zake waliwakaribisha Waafrika, Wamarekani weusi na watu wa visiwani nyumbani kwao Clamart, nje kidogo ya Paris, akashiriki pia kuanzisha jarida la La Revue du monde noir. Wasomi wanaoandika kuhusu washairi Senghor na Césaire hawana budi kupita mlangoni kwa dada hao. Shangazi hakuwa na habari na majarida. Yeye alichokumbuka ni kwaya ambayo Paulette aliiunda baada ya kurudi kisiwani, na jinsi walivyoziimba nyimbo za kiroho za weusi wa Marekani.

Mengine aliyasimulia huku akigeuzageuza majalada. Binti alisoma chuo cha muziki cha Paris kwa Charles Panzéra, akahitimu 1957. Mwaka uliofuata akaanza Nice, akicheza Leïla katika Les pêcheurs de perles ya Bizet, kisha tamasha la Aix-en-Provence, kisha Lakmé kwenye Opéra-Comique. Mwaka 1980 Metropolitan ya New York ilimsikia akiwa Konstanze wa Mozart, nafasi inayodai sauti iruke kama kindi huku moyo umejaa majonzi. Aliimba Rameau. Aliimba Berlioz chini ya Colin Davis. Aliwafufua Grétry na Philidor, watunzi wa karne ya 18 ambao Wafaransa wenyewe walikuwa karibu kuwasahau.

Basi mwaka ule wa 1983 zikaja habari kwamba Olivier Messiaen amemaliza opera aliyoihangaikia miaka minane, Saint François d'Assise, na kwamba Malaika ndiye huyu wa kwetu. Usiku wa kwanza ulikuwa tarehe 28 Novemba, jumba la Palais Garnier. Sisi tulipata tiketi za siku chache baadaye, juu kabisa, karibu tuiguse dari aliyoichora Chagall. Shangazi alivaa hereni za dhahabu za mama yake. Mimi nilivaa kanga yangu ya sherehe juu ya sweta mbili, na hakuna aliyenishangaa.

Sijawahi kuona okestra ya namna ile, watu wapatao 120. Shimo la wanamuziki halikuwatosha. Kwaya ilikuwa na watu 150. Kiongozi alikuwa Seiji Ozawa, Mjapani, na kule juu tuliona nywele zake tu na mikono. Mtakatifu Fransisko aliimbwa na José van Dam, Mbelgiji, kwa sauti nzito ya kutulia ambayo ningeweza kuisikiliza mpaka asubuhi. Lakini saa ya kwanza ilinitesa. Nilikuwa nimekuja na Kifaransa changu kizima, na maneno yalikuwa yakipanda kuelekea kwetu na kuyeyuka njiani. Huku napata kitenzi, huku nakosa mtendaji. Niliona aibu, mwalimu mzima.

Ndipo Malaika akaingia.

Messiaen alitaka mavazi yake yafuate mchoro wa Fra Angelico ulioko Florence, ule wa Maria kupashwa habari, mabawa yenye milia ya rangi kama kitambaa cha kitenge. Kabla yake hutangulia mlio wa ndege mdogo ambaye mtunzi alimsikia New Caledonia, mlio mkavu, wa haraka. Malaika anafika kwenye nyumba ya mabruda akijifanya msafiri, na anabisha. Anaugusa mlango kwa mkono mwepesi, mwepesi kabisa. Na okestra nzima inaporomoka. Ni kishindo cha kutisha. Shangazi alinishika kifundo cha mkono, akanibana hadi kucha zikaacha alama.

Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Bruda wa mlangoni naye analalamika kwamba mgeni huyu hajui kubisha. Wa pili anakasirika kwa kusumbuliwa na kumfungia mlango usoni. Malaika anarudi. Anabisha tena, mkono uleule, kishindo kilekile.

Kisha akafungua kinywa, na mimi nikasikia kila neno. Hilo ndilo ninalotaka kulishuhudia, maana sijalikuta likiandikwa inavyostahili. Katika opera ile sauti ya mwimbaji mkuu wa kike ni moja tu, yake. Wengine wote ni wanaume. Alikuwa na miaka 51. Hakupiga kelele. Okestra ilimpisha, akaimba pole pole, na konsonanti zake zikafika kule juu zikiwa nzima kama mayai yaliyobebwa kwenye kapu. Sentensi baada ya sentensi, niliacha kutafsiri kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu Kifaransa kuingia bila kupita kwenye Kiswahili kwanza.

Baadaye Malaika anampigia Fransisko fidla ndogo. Mwimbaji anavuta upinde, lakini mlio unatoka kwenye ala ya umeme aliyoibuni Maurice Martenot, mlio usio wa mtu wala wa waya, juu ya nyuzi zinazoshikilia sauti moja laini muda mrefu sana. Jumba lilikuwa kimya kama maji mtungini. Fransisko anaanguka, amezimia kwa utamu. Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa anatazama jukwaani, mdomo wazi kidogo, kama mtoto.

Muziki peke yake ulikuwa wa saa nne na zaidi, na wengi walioketi karibu nasi waliondoka kabla ya mwisho. Sisi tulishuka zile ngazi za marumaru usiku wa manane. Ndani ya metro Shangazi hakuzungumza mpaka tulipokaribia kushuka. Alisema, "Umeelewa?" Nikamwambia nimeelewa yote ya Malaika. Akatikisa kichwa kuridhika, kana kwamba ni yeye aliyeimba.

Miaka michache baadaye Eda-Pierre aliacha jukwaa, akabaki kufundisha kwenye chuo kilekile alichosoma. Mimi nilifundisha Kifaransa miaka 31. Kila kidato kipya nilikianzisha kwa kaseti aliyonirekodia Shangazi, kabla ya kitabu chochote, na nikawakataza kuuliza maana. Sikilizeni tu, niliwaambia, neno linaanzia wapi na linaishia wapi.

Eda-Pierre alifariki tarehe 6 Septemba 2020, akiwa na miaka 88. Shangazi alikuwa ametangulia zamani. Kaseti ilikwisha kujinyonga, na redio ya kuichezea haipo. Mjukuu wangu ndiye aliyemtafuta kwenye simu, akampata akiwa Héro wa Berlioz, katika ule wimbo wa usiku wa wanawake wawili mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Tulikaa barazani, simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Mtoto akauliza huyu bibi anasema nini. Nikaanza kumweleza mstari wa kwanza, kisha nikamwekea kidole mdomoni.