Kukaza kwa Kiasi

Sisi tunaojiundia ndege ndogo za kuongozwa kwa redio twajua kwamba kazi ya miezi hutegemea servo, kile kimota kinachogeuza usukani. Servo ikilegea angani, ndege haitii tena. Kwa hofu hiyo twatamani kukaza skurubu kwa nguvu zote. Lakini masikio ya servo huvikwa mpira, kusudi mtetemo wa injini usiiharibu. Na mpira uliobanwa mno haupokei mtetemo. Kwa hiyo ndani yake hutiwa kibomba cha shaba, ukingo wake mpana ukielekea ubao: skurubu hubana shaba, mpira hubaki huru. Tukiisukuma servo kwa kidole, hunesa kidogo, kisha hurudi mahali pake. Ndugu vijana, hapo ndipo twairusha ndege bila hofu.